Kadi Moja Katika Sanduku la Zuhura

Nyinyi vijana mnaoandika programu, nawasikia mkibishana. Mmoja anasema kuleta maktaba nzima kwa mstari mmoja ni uvivu, programu inanenepa bure. Mwingine anasema taja tu kipande unachokitaka na itakuwa nyembamba. Wa tatu anasema haidhuru, kompaila za siku hizi, hizo zinazoigeuza programu iwe lugha ya mashine, zinajitupia zenyewe kisichohitajika. Mkifika hapo huwa nanyanyuka nikaenda kuangalia kuku wangu, na watoto wangu hudhani mzee amechoshwa na mambo asiyoyaelewa. Nayaelewa. Ubishi huo niliushinda nikiwa na miaka ishirini na sita, pale Malaba, na jinsi nilivyoushinda nimewahi kumweleza mtu mmoja tu.

Leo nawaeleza nyinyi. Mtajifunza jambo la kazi, nalo ni la kweli mpaka leo. Hayo mengine mtayafanyia mnavyotaka.

Naitwa Omuse. Miaka ya sitini ikielekea ukingoni nilikuwa karani wa takwimu za mizigo katika stesheni ya Malaba, upande wetu wa Kenya. Niliandika mabehewa: saruji na chumvi zikienda Uganda, pamba na kahawa zikitoka. Kule Busia, ambako reli haikupita, karani mwenzangu aliandika malori. Huyo ndiye Zuhura. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, binti wa Kiislamu wa pale mjini, na baba yake alikuwa na malori mawili na duka la vitambaa. Aliajiriwa kwa sababu alijua kupiga taipu. Hivyo ndivyo nilivyopenda kusema, kwamba ni taipu tu.

Ofisi yetu kuu ilikuwa Nairobi, na ndiko ilikokuwa mashine, yaani kompyuta. Wakubwa waliamua kwamba badala ya sisi kujumlisha mizigo ya mwezi kwa penseli, mashine ifanye hivyo, na programu iandikwe na watu wanaoijua mizigo yenyewe. Wakatuita mimi na Zuhura, tukafundishwa wiki tatu na Bwana Wesonga, mtu wa Marachi, mnene, mpole, mwenye kufuta ubao kwa mkono wa koti. Mwisho wa wiki ya tatu akatuambia kuna nafasi moja. Kila mmoja aende kwake akaandike programu ileile. Itakayoingia kwenye mashine na kutoa jumla sahihi, mwandishi wake atahamia Nairobi kuwa mwandishi wa programu kamili. Tulipewa majaribio matatu.

Nafasi moja. Mimi nilikuwa nimesoma kwa taa ya koroboi kule Amukura, baba yangu akiuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Niliona nafasi ile ni yangu kama vile kitanda changu kilivyo changu. Na mbele yangu akaketi msichana mwenye malori mawili nyumbani, ambaye Wesonga akimuuliza swali hakuwahi kuliangalia dari kwanza. Ningemsamehe malori, au ningemsamehe akili. Vyote viwili vilinishinda. Nilimwonea wivu hata namna alivyochonga penseli.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyokuwa. Kila mstari wa programu ulikuwa kadi moja ya karatasi ngumu, uliyoitoboa matundu kwa kimashine cha mkono. Programu yangu ilikuwa kadi mia moja na zaidi, zikipangwa ndani ya sanduku la bati. Sanduku lilipanda treni Malaba kwenda Nairobi, kadi zikasomwa na mashine, na baada ya wiki na ushei zikarudi na karatasi pana zenye matundu pembeni. Leo mnabonyeza kitufe mara arubaini kabla ya chai. Sisi kosa moja lilikuwa siku kumi.

Kumbukumbu ya mashine ile, yote, ilikuwa na nafasi elfu nne. Hizo picha za mapaka mnazotumiana, hata sikio la paka lisingeingia. Kwa hiyo ukubwa wa programu haukuwa mambo ya kujivuna. Ikizidi, haiingii. Isipoingia, umebaki Malaba.

Maktaba nayo ilikuwa utepe wa sumaku kule Nairobi, wenye vipande thelathini hivi vilivyokwisha kuandikwa: kugawanya, kupanga majina, kuchapa safu, na kadhalika. Huhitaji kuviandika upya, unaviingiza tu. Wesonga alitufundisha njia mbili. Ya kwanza ni kadi moja iliyomaanisha lete yote. Ya pili ni kadi ya kutaja, moja kwa kila kipande unachotaka.

Kuna njia ya tatu ambayo hakutufundisha, nikaivumbua mwenyewe kwa ujinga. Niliomba nakala ya kipande cha kuchapa safu, nikakitoboa kwa mkono ndani ya programu yangu, kila mahali nilipotaka kuchapa. Mara tano. Nikajiona mjanja, silipi ushuru wa maktaba. Wesonga aliandika kwa penseli nyekundu: “Omuse, umejenga jiko kila chumba.” Kipande hukaa mahali pamoja na kuitwa kutoka popote. Hilo nililiona kabla hata ya jaribio la kwanza, tukiwa bado darasani, na Zuhura alicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Adabu ile iliniuma kuliko kicheko.

Jaribio la kwanza nilitumia lete yote. Ilikataliwa, imezidi mno. Wesonga akaandika tena: “Unaleta soko lote nyumbani kwa sababu ya chumvi?” Nilifarijika niliposikia Zuhura naye kakataliwa kwa kosa hilohilo. Faraja kubwa sana. Usiku ule nililala kama mtoto.

Jaribio la pili nikawa mwerevu. Nikaitoa ile kadi, nikataja vipande vitatu tu kwa majina: kugawanya, kupanga, kuchapa. Vitatu kati ya thelathini! Nilihesabu kwamba programu itapungua iwe kama mwanafunzi wa bweni. Karatasi zikarudi: imekataliwa. Ilikuwa imepungua, lakini kidogo tu. Nilizipiga zile karatasi mezani nikamlaani fundi wa mashine, na mashine, na aliyeileta.

Hapa ndipo nataka mtege sikio. Karatasi zilizorudi zilikuwa nyingi, na ya mwisho kabisa ilikuwa orodha kavu ya majina na namba. Wesonga hakuieleza vizuri, na mimi niliiona ni takataka za mashine. Nje ya stesheni alikaa mama muuza njugu, aliyependa zile karatasi kwa sababu zilikuwa pana na ngumu.

“Yoga noi, karani,” alikuwa akinisalimu kwa Kiteso. “Leta ile karatasi kubwa, mimi naongeza wewe njugu.”

Basi nilimpa karatasi ya mwisho. Mara zote mbili. Nikala njugu. Karatasi ile, vijana, ndiyo iliyoonyesha kila kilichoingia katika programu yangu, kimetoka wapi, na kimechukua nafasi ngapi. Jibu la mtihani wangu lilikuwa likifungia watu njugu kando ya reli, nami nikitafuna huku nikijiuliza kwa nini programu haipungui.

Kwa kuwa Busia haina reli, sanduku la Zuhura lilikuja Malaba kwa lori la baba yake, likakaa stoo kwangu mpaka treni ifike. Likirudi, hivyohivyo. Siku alipokuja kuchukua majibu ya jaribio la pili alikuwa amejifunga kilemba chenye vumbi la njiani, na alisimama palepale kwenye mizani ya stoo akafungua karatasi kuanzia mwisho. Alianzia mwisho! Akazifuata namba kwa kidole.

“Imebaki kidogo tu,” akasema. “Bwana Omuse, wewe umesoma hii ukurasa ya mwisho?”

“Nimesoma,” nikasema.

“Sasa umeona hawa watu wamefunga vitu namna gani? Hii ya kugawanya, ukiiita, inakuja na—”

“Najua, dada. Nimeona.”

Akaniangalia kidogo. “Basi sawa. Nilifikiri nikuonyeshe.”

Alitaka kunipa bure. Nataka mlikumbuke hilo kwa sababu mimi nimelikumbuka kila mara nilipopandishwa cheo. Ningenyamaza tu sekunde kumi angenieleza yote. Lakini kupokea kwake kungekuwa kukubali kwamba yeye ameona na mimi sikuona, na wivu hauwezi kumeza kitu cha namna hiyo. Nikamsaidia kupakia sanduku kwenye lori, nikamwambia asalimie nyumbani.

Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho. Sanduku lake lilifika asubuhi, treni ilikuwa ya alasiri. Nilifunga mlango wa stoo nikalifungua.

Juu ya kadi aliweka karatasi alizoandikia programu kwa mkono, kama tulivyotakiwa. Pembeni ya zile karatasi alikuwa amejiandikia maneno ya kujikumbusha. Kando ya kugawanya aliandika: “Hili ni robota. Usilitaje.”

Nilikaa chini juu ya gunia la chumvi. Kila siku ya maisha yangu ya kazi niliandika marobota. Kitambaa kikipita mpakani kimefungwa robota, limebanwa kwa mikanda ya chuma, hukati mkanda pale forodhani ukatoa gora moja. Ukitaka gora moja, robota zima linapita na wewe, na uzito wake wote unaandikwa kwenye karatasi yako. Zuhura alikulia juu ya marobota dukani kwa baba yake. Alipoona ile orodha ya mwisho akatambua kwamba vipande thelathini vya maktaba havikukatwa kimoja kimoja. Vilikuwa vimefungwa marobota matano. Ukitaja kugawanya, unapata robota lake lote, na ndani ya robota la kugawanya walikuwa wametia hesabu za pembe na vipeo, mambo ya mainjinia wa madaraja. Mimi na pamba zangu nilikuwa nikibeba hesabu za madaraja.

Kwa hiyo kutaja jina peke yake hakupunguzi kitu. Kinachopunguza ni namna maktaba ilivyokatwa. Na nyinyi mnaosema kompaila ya leo hutupa isichohitaji, ni sawa, lakini hutupa kile tu inachoweza kukitenganisha. Pakiwa na mkanda wa chuma hata yenyewe inalibeba robota.

Zuhura alikuwa ametaja vipande viwili, vyote kutoka robota moja dogo. Kugawanya akakuandika mwenyewe, kadi kumi na sita: toa, toa tena, hesabu umetoa mara ngapi, ikiisha simama. Njia ya mtoto wa darasa la pili. Mashine itachelewa kidogo, lakini nani alikuwa na haraka? Kadi kumi na sita badala ya robota zima. Ilikuwa nzuri, vijana. Nilitamani kulia, na haikuwa kwa furaha.

Nilizinakili zile kadi kumi na sita, nikazitoboa, nikazitia ndani ya programu yangu mahali pa kadi ya kutaja kugawanya. Hilo ni la kwanza nililolifanya. Huenda mngenisamehe lingekuwa hilo tu, maana wote wawili tungefaulu, na Wesonga angeamua.

Ndiyo sababu nikafanya la pili. Nilitoboa kadi moja ya lete yote, nikaichomeka katikati ya kadi zake. Kadi moja kati ya mia na ushei. Nikafunga sanduku, nikalipandisha kwenye treni kwa mikono yangu, nikarudi mezani nikaandika mabehewa kumi na moja bila kosa.

Majibu yaliporudi nilifungua sanduku lake kabla yake, nikaitoa ile kadi nikaitupa chooni. Programu yangu ilikuwa imeingia na nafasi ikabaki. Yake ilikuwa imezidi mno kuliko hata mara ya kwanza. Wesonga aliniandikia: “Kugawanya kwako ni kazi ya akili. Hongera.” Mashine ikikataa programu hakuna anayeisoma, kwa hiyo hakujua kuna kugawanya kwingine kama huko. Je, mnajua nilihisi nini niliposoma? Wivu. Sifa ziliandikwa kwa jina langu na bado nikamwonea wivu mwenye nazo.

Zuhura akaja. Akasimama kwenye mizani ileile, akafungua karatasi kuanzia mwisho. Marobota yote matano yalikuwa mle, mpaka hesabu za madaraja.

“Sasa hii imetoka wapi?” akasema polepole. “Mimi sikuita hii kitu.”

“Labda watu wa Nairobi wamechanganya,” nikasema. “Au mashine imekosea.”

Akarudi kurasa za mwanzo. Na hapo ndipo nikakumbuka kile ambacho karani yeyote ambaye hakulewa kwa wivu angekikumbuka mapema: mashine ilichapa kila kadi iliyoisoma, moja baada ya nyingine. Kidole chake kikashuka, kikasimama. Akafungua sanduku akaanza kuhesabu kadi, midomo ikicheza. Akahesabu tena.

“Karatasi inasema mia moja na tisa,” akasema. “Hapa ziko mia moja na nane.”

Nje mtu alikuwa akigonga magurudumu ya behewa kwa nyundo. Sanduku lile lilipita mahali pawili tu, Nairobi na kwangu. Alinitazama. Nami nikamtazama kwa uso niliouandaa tangu asubuhi, uso wa mtu anayesikitika pamoja nawe.

“Pole sana, dada,” nikasema.

“Sawa, boss,” akasema. Mpaka siku ile hakuwahi kuniita boss. Akafunga sanduku, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye lori.

Nilikwenda Nairobi. Nilifundishwa, nikafundisha, nikapata jina. Nilijulikana kama mtu wa kupunguza programu: niletee iliyonona nitakurudishia iliyokonda. Siri yangu ilikuwa moja tu, nilisoma ukurasa wa mwisho kwanza na kuuliza maktaba imekatwaje. Nami nawausia hivyohivyo. Msiulize mtaandika mstari gani wa kuingiza. Ulizeni kinachoingia nyuma yake.

Mwaka mmoja na nusu baadaye nilitumwa Busia kuwafundisha makarani wapya. Zuhura alikuwa ameacha kazi. Nilimkuta kwenye uwanja wa malori wa baba yake karibu na mpaka. Malori sasa yalikuwa matatu, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapanga, daftari mkononi, akimzozea dereva mmoja aliyefunga turubai vibaya. Dereva mwenye mvi anamwitikia “ndiyo, mama.” Nilisimama jua kali na suti yangu ya Nairobi nikaona wivu wa kale ukiinuka, kana kwamba sikuwa nimeshinda chochote.

Nilimwambia yote. Nilianza na njugu, nikamaliza na choo.

Alinisikiliza bila kuliweka chini daftari. “Nilijua siku ile,” akasema.

“Kwa nini hukumwambia Wesonga?”

“Nimwambie nini? Kadi iko wapi? Angeuliza kadi, na kadi ulikuwa nayo wewe. Halafu mimi ni nani, msichana wa taipu, namshtaki karani wa stesheni.” Akafunga daftari. “Nililia wiki nzima, Omuse. Baba alifikiri nimeharibikiwa na mchumba.”

Nilitoa kitambaa nikajifuta uso, nikakirudisha mfukoni, nikakitoa tena.

“Nikuulize na mimi,” akasema. “Hiyo nafasi. Ilikuwa tamu?”

Nilitafuta uongo. Ningeweza kusema Nairobi kuna baridi, kwamba kazi ni ngumu, kwamba silali. Nadhani alistahili uongo huo, na watu wengine wangempa. Lakini nilikuwa nimechoka kumwibia.

“Ilikuwa tamu,” nikasema. “Tamu sana. Kila siku.”

Akatikisa kichwa, macho yakiwa kwenye lori.

“Afadhali,” akasema. “Ningeumia zaidi kama ungeninyang'anya halafu usile.”

Akaenda kumwonyesha yule dereva namna ya kufunga turubai.